Hatua Kumi Nyuma ya Fausta

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne hapa Songea, na kuongea mbele za watu kwangu ni adhabu. Ndiyo maana niliipenda kamera ya kaka yangu, mpiga picha wa harusi. Nikiishika, watu wananiangalia bila kutaka niseme kitu.

Siku hiyo nilimpiga picha rafiki yangu Fausta nje ya geti la shule. Nilisimama mbali, nikamvuta kwa lenzi ndefu. Hatua kumi nyuma yake, kijana wa bodaboda alikuwa ameinama akiongea na simu. Kwenye picha, zile hatua zikapotea... akaonekana anamnong'oneza Fausta sikioni, na Fausta anacheka.

Nililiona hilo. Msinionee huruma, nililiona kabla sijatuma. Nikairusha kwenye kundi la darasa na maneno: "Shemeji kapatikana." Darasa zima likacheka. Mimi, ambaye sijawahi kuchekesha mtu! Nani asingependa?

Magharibi haijaingia, picha ikamfikia baba yake Fausta. Mzee yule alishaapa: siku akimwona binti yake na bodaboda, shule basi, anakwenda kulima tumbaku kwa shangazi yake huko Namtumbo.

Akanipigia mwenyewe. Nyuma nilimsikia Fausta akilia, "Muulize, baba, yeye alikuwepo."

"Mwanangu, hiyo kamera yako inadanganya?"

Nikaogopa... Nikasema, "Hapana, baba. Kamera haidanganyi."

Akakata simu. Mnajua kulala na jibu kama hilo?

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikwenda kwa kina Fausta, mtaa wa Mfaranyaki, na kamera. Begi la Fausta lilikuwa mlangoni, limefungwa. Mzee alisimama uani akipiga mswaki. Nikamwamkia. Niliweza tu kusema, "Baba, naomba usisogee."

Nikarudi nyuma hadi barabarani, nikavuta lenzi, nikapiga. Nikamletea.

"Mh! Mama Tuma mbona yuko shingoni kwangu?"

Mama Tuma, jirani, alikuwa kule kwenye uzio wake, ameinamia moto wa vitumbua.

"Hayupo, baba. Kamera ni chombo tu. Mimi ndiye niliyechagua pa kusimama. Na jana nilichagua... nikijua."

"Nirushie na mimi," Mama Tuma akapaza sauti. "Nimwoneshe mama Fausta mume wetu."

Mzee hakucheka. "Ifute."

"Naifuta. Ila ya Fausta imeshasambaa."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akalichukua lile begi, akalirudisha ndani. Fausta alinipita na ndoo ya maji bila salamu.

Wenzangu, kabla hamjatuma picha, jiulizeni ninyi mnajua nini ambacho haionyeshi. Mimi nilijua, nikanyamaza, na sasa sina rafiki.

Nikakaa kwenye ngazi yao, nikafungua kundi la darasa. Nikaandika jina langu, mahali niliposimama, na zile hatua kumi.