Mstari wa Korosho wa Nuru

Hata mtu mzima hukasirika ukimvurugia kazi yake. Lakini Nuru alipokasirika, watu walisema ana wazimu.

Nuru alikuwa na miaka mitatu. Aliishi kijiji cha Ziwani na wazazi wake na bibi yake mzaa baba. Msimu wa korosho, mama yake, Somoe, alikaa jamvini kila asubuhi akizikonyoa korosho kutoka kwenye mabibo. Nuru alizichukua akazipanga mstari, kubwa mbele, ndogo nyuma. Hakusema neno. Akiitwa, hakugeuka.

Jumatano moja bibi alipita na ufagio, akaufagia mstari wote. Nuru akapiga ukelele na kujigonga kichwa ukutani. Somoe akakimbia kumshika.

"Basi!" alisema bibi. "Keshokutwa Mzee Athumani anakuja kumkata kimeo. Ulimi ufunguke, aseme kama wenzake."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Somoe akamvuta Nuru kifuani.

"Mama, ndani ya kimeo hakuna maneno!"

"Mimi nimelea wanane, na wote walisema. Wewe mmoja tu amekushinda."

Hilo ndilo lililomkera Somoe. Kila mtu alikuwa na la kusema, na lawama zote zilimwangukia yeye. Jirani alisema mtoto kalaaniwa. Nyumbani walisema hata mama yake hamwoni. Zahanati walimwambia mara mbili, "Subiri, atasema tu." Mwaka mzima ukapotea kwa kusubiri! Mwishowe daktari wa mjini alimpima Nuru vizuri, akasema ana usonji, hali ya ubongo inayomchelewesha mtoto kusema na kuwasiliana na watu. Akawaunganisha na Modesta, mtaalamu anayewafundisha wazazi kwa simu, ili Somoe asihangaike na safari kila wiki.

Jioni Modesta alipiga simu. Somoe alimweleza kwa hasira habari ya kukatwa kimeo.

"Waite bibi na baba Nuru," alisema Modesta. "Ile video uliyonitumia jana, tuitazame wote."

Bibi alikuja akinung'unika. "Siku hizi mtoto anatibiwa na simu?"

"Shikamoo, mama. Simu haitibu. Mimi namfundisha mama yake, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na Nuru kutwa. Usonji si uchawi, wala si malezi mabaya. Mtoto huzaliwa nao. Kukata kimeo hakutamfanya aseme. Kunaweza kumtoa damu nyingi, au kidonda kikaoza, tukampoteza."

"Sasa tumfanyeje?" aliuliza Zuberi, baba yake Nuru.

"Tazameni."

Kwenye video Somoe alikaa chini, uso kwa uso na Nuru. Hakuuvuruga mstari. Naye alipanga. "Korosho," alisema, akaweka moja. Neno moja tu. Kisha akashika nyingine karibu na shavu lake, akanyamaza. Akasubiri.

Nuru akainua macho. Akamtazama mama yake, akafungua kiganja. Somoe akampa.

"Hapo!" alisema Modesta. "Ameomba. Hayo ni mazungumzo. Fanyeni hivyo anapocheza, anapokula, anapooga. Dakika chache tu, lakini kila siku."

Somoe akaangua kilio. "Mwaka mzima mnaniambia mtoto wangu hanioni! Ananiona! Sisi ndio tunaompitia na ufagio!"

Bibi aliomba video irudiwe.

Asubuhi bibi aliketi jamvini bila kuitwa. Akashika korosho shavuni. Lakini subira haikuwa kazi yake.

"Haya, chukua basi!"

Nuru akampa mgongo.

"Mama, nyamaza kidogo," alisema Zuberi.

Bibi akajaribu tena. Mara ya nne, kiganja kidogo kikafunguka mbele yake. Bibi akaiweka korosho humo, macho yamejaa machozi.

Ijumaa Mzee Athumani alipiga hodi. Bibi akamzuia mlangoni.

"Rudi kwako na kisu chako," alisema. "Mjukuu wangu hakatwi."

Msimu wa korosho uliofuata, Nuru alikuwa anasema "lete" na "maji". Mengine aliomba kwa mkono. Akiitwa, mara nyingi aligeuka. Modesta bado alipiga simu, kwani safari ilikuwa ndefu. Na Nuru bado alipanga korosho.

Siku moja yule jirani aliyesema mtoto kalaaniwa alikuja kuazima kinu. Akainua mguu, karibu aukanyage mstari uliopita mlangoni.

"We! Huoni watu wako kazini?" alifoka bibi. "Zunguka!"

Jirani akaizunguka nyumba nzima, akaingilia uani.