Neno Aliloliruka Kamusi

Kila siku saa kumi jioni, Kamusi alipotoka shuleni, alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda mlangoni, beseni la maji ya uvuguvugu likiwa mbele yake. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Kwa miaka sita alisimama kutwa kwenye sakafu yenye maji, na sasa mgongo ulimuuma hata kuinama kuvua viatu vyake vya mpira kulimshinda.

"Nivue viatu, mwanangu," alikuwa akisema. "Leo nimechoka mpaka nimechoka kuchoka."

Jina la Kamusi alibandikwa na fundi viatu, mpangaji wa chumba cha pili. Binti huyu wa darasa la sita alikuwa hodari wa Kiingereza, basi nyumba nzima ilimletea barua zake. Alisoma, akatafsiri, akasifiwa. Lakini alikuwa na siri moja. Akifika penye neno asilolijua, hakusema halijui. Alikohoa kidogo, akasema "na kadhalika", akaliruka. Thubutu! Kamusi nzima ikose neno?

Jumatatu moja mama alirudi na barua ya ofisi ya hospitali. Mara tatu alikuwa ameomba kuhamishiwa chumba cha kushonea, ambako watu hukaa kwenye viti wakishona mashuka yaliyochanika.

"Haya, soma," alisema. "Polepole."

Kamusi akasoma. Alielewa kuhamishwa, akaelewa chumba cha kushonea, akaelewa Jumatatu ijayo. Katikati palikuwa na mstari mrefu, na ndani yake neno *provisional*. Akakohoa.

"Umehamishiwa kushona, mama! Unaanza Jumatatu ijayo, na kadhalika."

Mama hakupiga vigelegele. Alifunika uso kwa viganja, akalia kidogo. "Nitakaa," alisema. "Mungu wangu, nitafanya kazi nimekaa."

"Hongera, jirani!" fundi viatu akapaza sauti kutoka chumbani kwake. "Kikalie hicho kiti mpaka kichoke chenyewe!"

Kesho yake mama alirudisha viatu vya mpira stoo, na nafasi yake ya kufua kuanzia wiki ijayo akaandikiwa mtu mwingine.

Jumatano mwalimu wa Kiingereza alibandika ukutani matokeo ya mtihani. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Provisional*. Wanafunzi wakaanza kushangilia.

"Taratibu," mwalimu alisema akipiga miayo, maana alikuwa amesahihisha karatasi tisini. "Hilo neno linapendwa sana na watu wa ofisini. Wakikupa kitu wakakiita hivyo, maana yake wamekupa kwa muda tu, hakijathibitishwa. Kuna jambo wanalisubiri. Mimi nasubiri wenzenu wawili waliokuwa wagonjwa wafanye mtihani. Wa kwanza wa leo kesho anaweza kuwa wa tatu, kwa hiyo msiende kutamba nyumbani."

Kamusi akaikumbuka barua ya mama. Aliazima kamusi ya mwalimu, safari hii kamusi ya karatasi, akakimbia nyumbani; bahati nzuri siku hiyo mama alikuwa bado hajarudi. Aliisoma ile barua neno kwa neno. Uhamisho ulikuwa wa muda mpaka mama apimwe afya na cheti kifike ofisini kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Kisipofika, kiti angepewa mwingine.

Kamusi alikaa kitandani, barua mkononi. Akisema, nani atamwita Kamusi tena? Akinyamaza, mama atakosa kushona, na kwenye kufua nako amekwisha kuondoka. Alipomwona mama anaingia akiburuta miguu, machozi yakamtoka.

"Mama, ile barua sikuisoma yote."

Alieleza kila kitu. Mama alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Viatu nimesharudisha," alisema taratibu. "Ulijua kwamba hilo neno hulijui?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia na kadhalika?"

Kamusi akainama. Angechapwa ingekuwa afadhali. Mama alikaa kwenye kigoda bila hata kuomba beseni.

"Kwenye barua wewe ndiye macho yangu," alisema mwishowe. "Sasa macho yangu yakinidanganya, nimwamini nani? Kesho tutakwenda wote. Mwalimu wako nitamwomba ruhusa."

Alhamisi walifika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Kamusi mwenyewe ndiye aliyemweleza karani. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, alishusha pumzi.

"Afadhali mmekuja leo. Wengine huja siku imeshapita, na hapo mimi sina la kufanya. Kimbieni mkapange foleni."

Foleni ilikuwa ndefu. Mama alisimama, akaegemea ukuta, akasimama tena. Kamusi alitaka kumshikia nafasi yake apumzike, lakini kila anayepimwa alitakiwa asimame mwenyewe. Damu ilitolewa jioni, na majibu wakaambiwa yatatoka Ijumaa.

Ijumaa Kamusi aliomba ruhusa mapema, akatoka shuleni mbio hadi hospitalini. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Mama alikuwa dirishani, karani anagonga mhuri.

"Sasa imethibitishwa," karani alisema. Mama alikaa kwenye benchi, akafumba macho.

Jumatatu jioni mama alirudi, miguu yake mikavu. Bado alikuwa amechoka, lakini viatu alivua mwenyewe. Fundi viatu akaja na barua yake.

"Kamusi, nisomee hapa."

Kamusi alisoma mistari miwili, akafika penye neno moja refu. Akakohoa. Mama akafumbua jicho moja.

"Hili silijui," Kamusi alisema. "Niachie mpaka kesho nimuulize mwalimu."

"Lahaula! Kumbe kamusi nayo ina kurasa zilizochanika!" fundi akacheka.

"Mwache," mama alisema, akimvuta binti yake akae karibu. "Sikia, mwanangu. Maneno mengi mimi siyajui, na bado nimekulea. Kutojua si aibu, na kuuliza si ujinga. Ubaya ni kujifanya unajua, kwa sababu anayekuamini ndiye atakayelipia. Sasa nenda ukanisomee tena barua yangu, yote."

Kamusi akaileta, akaisoma kuanzia juu hadi mwisho, na hakuruka hata neno moja.