Kinyago cha Kulungu

Uwanja wa monasteri ulikuwa umefurika. Ungedhani mji mzima wa Thimphu umepanda mlima asubuhi ile, watu na nguo zao za sikukuu, midomo myekundu kwa tambuu. Yangden, ameshika pindo la kira yake, vazi refu la hariri ya zambarau, alikuwa akijipenyeza kwenye umati alipogongana na mtu aliyeshuka ngazi mbiombio.

"Taratibu, nesi! Utaniua kabla sijacheza."

Moyo ulimlipuka. Thinley! Miezi minne hawajaonana, tangu mchana ule alipompigia simu ikapokelewa na mwanamke: "Thinley amelala, piga baadaye." Yangden hakupiga tena, na kila alipopigiwa alikata.

"Na huyo anayekulaza yuko wapi leo?"

"Una wivu bado? Basi bado unanipenda."

"Jidanganye tu."

Thinley alicheka, lakini midomo ilimtetemeka. Alikuwa amekonda ndani ya sketi za manjano za wachezaji. Akamwinamia sikioni.

"Mpenzi, nisikilize. Anayevaa kinyago cha kulungu leo ni mimi. Nikianguka, usije. Iwe iwavyo, usije."

"Uanguke kwa nini?"

Tarumbeta za watawa zikanguruma. Thinley akapotelea ndani.

Yangden alikaa mbele. Tangu utotoni aliambiwa kwamba kinyago kikishaingia uwanjani, aliyekivaa si mtu tena, ni mungu, na hakuna anayekatiza mbele yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akijificha nyuma ya bibi yake na kulia. Sasa kulungu alitokea, macho yamemtoka, pembe zikipasua hewa, na woga ule wa utoto ukamrudia wote.

Kulungu aliruka, akazunguka, akaruka tena. Halafu mguu ukachelewa ngoma. Mkono wa kushoto ukajikunja, vidole vikaanza kucheza peke yao. Watu wakacheka, wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Yangden hakucheka. Vidole vya namna ile alikuwa ameviona wodini mara nyingi.

Usingizi ule wa mchana, wa kwenye simu. Mungu wangu, kumbe ulikuwa wa ugonjwa huu!

Kulungu akaanguka. Kichwa cha mbao kikagonga mawe, mwili ukaanza kurukaruka. Ngoma ziliendelea. Hakuna aliyesogea.

"Wewe, usithubutu!" Mama mmoja alimkamata mkono. "Utajitafutia laana!"

Aliuchomoa mkono akakimbia, akapita katikati ya vinyago vilivyokuwa vikizunguka, akisubiri radi impige. Mwalimu wa ngoma, mtawa mzee, alifika naye pamoja.

"Mwalimu, tumvue!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Hapati hewa!"

Mzee alikitazama kinyago, akamtazama binti, kisha akapiga magoti na kufungua kamba kwa mikono yake mwenyewe. Uso wa Thinley ulikuwa umepiga rangi ya buluu. Yangden akamlaza ubavu, akamwekea shali yake chini ya kichwa, akaanza kuhesabu. Dakika moja. Mbili. Katika ya tatu alianza kusali bila kujua anamwomba nani.

Ndipo pumzi ikarudi, nzito, yenye mkoromo.

Thinley alizinduka kwenye chumba cha mavazi, ulimi umeumia.

"Nilikwambia usije."

"Nani alipokea simu ile?"

"Pelden, binamu yangu. Nilikuwa nimeanguka jikoni kwake."

"Ukaniacha nikuchukie miezi minne?"

"Nilitaka unichukie, usinihurumie."

"Na vidonge?"

"Niliviacha wiki hii. Vinanitia miguu uzito, na nilitaka nicheze vizuri. Nilijua utakuja."

"Mjinga wewe!" Alimpiga bega, kisha akalia akiwa amelikumbatia bega lile lile. "Mjinga, mjinga mkubwa!"

"Nenda zako, Yangden. Ugonjwa huu hauponi. Siku moja utanikuta nimekufa."

Yangden alitoa simu, akampigia mama yake.

"Mama? Nimepata wa kunioa. Yuko hapa, ila yeye mwenyewe hajajua. Na ana kifafa."

Upande wa pili sufuria ilikuwa ikichemka.

"Umemwona akianguka?"

"Nimemwona leo."

"Unaogopa?"

Yangden alimtazama Thinley, aliyekuwa amejiinua kwa kiwiko, kinywa wazi.

"Naogopa sana, Mama."

"Hata mimi," mama alisema. "Mlete ale."