Mke wa Angani

Kuku ndio walioanza. Mchana kweupe, Restuta akianika mpunga uani, kuku mwenye vifaranga alilia kilio cha kuonya mwewe na vifaranga wote wakakimbilia chini ya mkokoteni. Restuta akatazama juu. Hapakuwa na mwewe. Kulikuwa na mngurumo mdogo tu, unazunguka juu ya paa lake, na harufu ya mafuta ya taa, katika nyumba iliyoachana na koroboi tangu wafunge sola.

Ndani, mumewe alikuwa anaongea na simu. Mzee Tadei, sajini mstaafu, alikuwa ameombwa na kikosi chake cha zamani ajirekodi akisimulia historia yao. Walikuwa waongoza ndege wa ardhini: walitambaa mbele na askari wa miguu, redio mgongoni, wakimwelekeza rubani adui yuko wapi na wenzao wako wapi. Mwanamume huyu ambaye mezani husema "chumvi" na "asante", leo alikuwa anaongea tangu asubuhi kwa bashasha. Restuta ilimuuma. Katika ndoa yote hakuwahi kupewa hata kijiko cha bashasha ile.

Tadei alipoenda kuoga, Restuta akaichukua simu na kusikiliza alichorekodi.

"Niko kwenye kinamasi," mumewe alisema. "Naomba ndege."

"Nipo juu yako," akajibu mwanamke, taratibu, kama mtu aliyelala karibu. "Nimekusubiri sana, Tadei."

Restuta alimngoja mlangoni. "Baba Luciana, ni nani huyu?"

Hakukana. Alikaa kitandani na taulo lake. "Alikuwepo kabla yako," alisema kwa sauti ya chini. "Vitani nilipotea kinamasini peke yangu, betri ya redio imekufa. Akaniita kwenye redio ileile. Akaniambia pita hapa, pita pale, mpaka nikatoka."

"Kikosi chenu kilikuwa na rubani mwanamke?"

"Hakikuwa naye."

Tangu hapo Restuta hakujua aogope au agombane. Alipika wali wa watu wawili na kukuta sahani ya tatu imeliwa, akafua kanga zake na kuzianua zikinuka mafuta ya taa, akamsikia mumewe akicheka chumbani kwa sauti ya kijana, na alipoingia akakuta upande wake wa kitanda una joto, mto una alama ya kichwa, na Tadei anautazama mto ule kwa macho ambayo yeye, aliyemzalia na kumuuguza, aliyaombea kanisani bila kuyapata, na juu ya bati mngurumo ukishuka kila siku kidogo, kidogo, mpaka vikombe vikawa vinagongana kabatini.

Akamfuata mganga Nassib wa Kisawasawa. Walifika adhuhuri. Nassib alisimama uani, akanusa, akakunja uso.

"Ni jini wa hewani," alinong'ona. "Mzee, ulimwita, hukumuaga?"

"Kikosini kwetu ndege ikiitwa haiondoki," alisema Tadei, "mpaka aliyeiita aseme kazi imekwisha, nimekuachilia, rudi."

"Basi yaseme sasa. Akigusa ardhi mimi simwezi."

Restuta alimshika mumewe mkono. Ulikuwa baridi. "Sema, Baba Luciana. Nakuomba. Mimi nimebaki na wewe tu."

Nassib akaanza kusoma dua. Bati likatetemeka, vumbi likawashukia. Tadei alitazama juu muda mrefu, machozi yakamtoka. Kisha akashusha macho, akamtazama mke wake kwa huruma.

"Mama Luciana," alisema, "kazi yako imekwisha. Nimekuachilia. Rudi kwenu."

Restuta alitaka kumzaba kofi. Lakini mguu wake wa kulia ulipiga hatua, wa kushoto ukafuata, akapita mlangoni, akapita juu ya mpunga wake, akalia, akamshika Nassib shati, na shati likachanika huku miguu ikiendelea kuelekea barabara ya Mofu, kwao. Mngurumo ulikuwa umekoma.

Nyuma yake, jikoni kwake, mtu alichochea moto na kumuuliza Tadei kama atakula sasa au baadaye.

"Sasa, mke wangu," akajibu Tadei.