Kichwa Hakiachwi Nusu

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limechomoza kama limeoga, na kitindamimba wa marehemu msusi alikuwa anafagia sebule ya mama yake. Kaka yake, fundi rangi, alikuwa ukutani na brashi, anapiga mluzi.

"Unapaka tena?" dada mtu akauliza.

"Doa limerudi. Nyumba hii ina unyevu."

Unyevu gani jamani unanuka mafuta ya nyonyo? Doa lilikuwa la duara, kiasi cha kisogo cha mtu, pale pale mama yao alipoegemeza kichwa miaka yote ya kusuka watu. Yeye kitini, mteja chini mkekani, katikati ya magoti yake. Shingo ikimchoka, anaegemea ukuta kidogo, halafu vidole vinaendelea. Na alikuwa na sharti moja, mtaa mzima unalijua: kichwa hakiachwi nusu. Mvua inyeshe, chungu kiungue, mume aite huko nje mpaka apasuke koo, ukishakaa kwake hunyanyuki mpaka amalize.

Basi kifo hakina adabu. Kilimkuta anamsuka huyu huyu kitindamimba wake, upande mmoja umekwisha, wa pili bado. Vidole vikatulia. Binti akadhani mama kasinzia, akaona aibu kumwamsha. Akakaa. Akazidi kukaa. Jua likahama dirishani, ndipo akasikia yale magoti yaliyombana mabega yamekuwa ya baridi.

Wanawake waliokuja kulia ndio waliomnyanyua, wakamfunga kitambaa. Msiba ulipokwisha, kaka mtu akamwambia, "Hebu fumua hayo, unatisha watu." Hakufumua. Kazi ya mwisho ya mkono wa mama yake, aifumue kwa moyo gani? Akabaki vile vile, nusu mistari, nusu msitu, kitambaa juu.

Sasa huyo kaka, mimi sisemi ana roho mbaya. Nasema ana haraka. Hata udongo wa kaburi haujashikana, keshatangaza nyumba inauzwa. Kiti cha mama akakigawa. Mkeka akautupa. Wakagombana kuta zikasikia.

"Hujui kama mama ameondoka," binti alimwambia.

"Nilimbeba mwenyewe begani, wewe. Kama hajaondoka, basi nilibeba nini?"

 Tangu hapo binti alikuwa akipita lile doa kwa ubavu, kama mtu anayempisha mkubwa.

Asubuhi hiyo mnunuzi akaja, mama mmoja muuza vitambaa, amemshika mkono mwanawe mdogo wa kike. Rangi haijakauka.

"Niambie ukweli, mwanangu," akamwambia fundi. "Humu amefia mtu?"

"Humu? Wala! Mama yetu alifia hospitali, Mungu amrehemu." Hata hakukohoa.

Binti akatazama chini. Wakatoka uani wote kuona choo na tangi la maji, mnunuzi anagonga gonga kila kitu kama anachagua nazi. Mtoto akasema miguu inamuuma, akabaki sebuleni.

Waliporudi, mtoto amekaa sakafuni. Mgongo kwenye ukuta, chini ya doa. Kichwa amekiinamisha. Ametulia, na watoto hawatuliagi hivyo.

"Wewe, unafanya nini hapo?" mama yake akauliza.

Mtoto akajibu kwa kunong'ona, bila kuinua kichwa. "Bibi amesema nisinyanyuke."

Nywele alizokuja nazo zilikuwa timutimu. Sasa zilikuwa na mstari mmoja, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, umebanwa barabara, unang'aa mafuta.

Yule mama hakuuliza la pili. Alimnyakua mtoto, akatoka na kiatu kimoja mguuni. Mtoto alilia njia nzima, anajinyonga kurudi: "Hajamaliza! Hajamaliza!"

Fundi rangi alisimama mlangoni na brashi yake. Jasho lilimtoka, lakini mdomo haukumwisha. "Kitoto kimejisuka chenyewe. Watoto wa siku hizi wajanja. Nakwenda kumleta yule mnunuzi mwingine. Ana watoto watatu, anataka kuhamia leo hii."

"Kaka, usilete watoto humu."

"Basi wewe fanya lako nifanye langu." Akaondoka.

Binti akabaki peke yake na lile doa. Akaelewa. Mkono ule ulikuwa unatafuta kichwa ulichokiacha, na kwa kuwa kimefichwa ndani ya kitambaa, utashika chochote kitakachokaa. Watoto watatu. Na kaka anatembea haraka.

Akaleta kitana. Akaleta uzi mweusi wa kusukia, mpya, umezungushwa kwenye kibao chake. Akaviweka sakafuni. Akafunga mlango, mchana kweupe, watu wanapita nje wanacheka.

Akavua kitambaa.

Akakaa chini ya doa, na ingawa aliliogopa, akalipa kisogo.

"Mama," akanong'ona, "nimerudi kukaa."

 Mtu wa mkaa akapita barabarani akiita. Akapita. Sauti ikafifia.

Harufu ya nyonyo.

Halafu magoti. Kushoto. Kulia. Yakambana mabega, baridi kama chungu cha maji.

Alitaka kupiga kelele. Akawakumbuka wale watoto watatu, akakaa.

Kidole kikagusa utosi. Kikapasua njia. Kikavuta. Kikavuta sana, kama zamani, mpaka machozi yakamtoka.

"Inama."

Akainama.

Hakugeuka. Hakunyanyuka. Mstari ukaisha, mwingine ukaanza. Nyuma yake mtu alikuwa anashusha pumzi kila baada ya fundo. Lakini hakuwahi kuivuta ndani.

Kaka mtu aliporudi na mgeni wake, alimkuta dada amesimama katikati ya sebule, kichwa kimekamilika, macho mekundu. Ukuta mweupe. Doa hakuna.

"Si nilikwambia?" fundi akasema. "Ni kupaka mara mbili tu."

Nyumba ikauzwa. Wale watoto watatu wanaegemea ukuta ule mpaka leo, na hawajapata hata mafua. Binti akahamia chumba cha kupanga. Alipofungua mzigo wake akakuta kile kibao cha uzi. Uzi ulikuwa mzima. Haukupungua hata unywele.

Ndipo akakaa kwenye kioo, akafumua ule upande wa pili. Ndani ya mistari zilitoka nywele ndefu, nyeupe kama pamba. Akazivuta zitoke. Zikamuuma. Zilikuwa zimeota.

Akaita kinyozi, akanyoa kichwa chote. Kaka mtu alikuwepo, na ndiye aliyezifagia nywele kwa mkono wake, nyeusi na nyeupe, akazichoma. Kaka huyo sasa ana kipara, hana hata cha kusukwa, na bado haegemei ukuta wa mtu.

Upande mweusi uliota taratibu, kama nywele za binadamu. Ule mweupe, asubuhi yake tu, ulikuwa umesharudi. Umesukwa.