Usiinyooshe

Siku sanamu ile ilipoingia nyumbani kwetu, mimi nilikuwa nashona sketi ya shule. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Cherehani inanguruma, redio ya jirani inapiga kelele, na mtoto wa kaka yangu anaruka kamba uani huku akihesabu kwa sauti ya kuamsha wafu. Tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Mama yake alitutoka yeye akiwa bado ananyonya, kwa hiyo alilelewa na watu wawili: baba yake, na mimi shangazi yake, niliyekaa nyumba ya pili katika ua uleule.

Kaka yangu alikuwa fundi wa meno bandia. Kazi hiyo ilimpa mikono myepesi, na akitoka kazini mikono hiyo ilikuwa ya dinosaria. Msicheke. Nilishacheka mimi kwa niaba ya wote. Chumba chake cha mbele kilijaa rafu za sanamu za dinosaria, na wala si zile za kuchezea watoto. Zilikuwa zimetengenezwa kwa ustadi, ngozi imechongwa gamba kwa gamba, ukiingia unaona wanyama wamekatizwa katikati ya hatua. Pazia halikufunguliwa mchana, jua lisije likafubaza rangi. Vumbi aliliondoa kwa brashi laini ya poda. Plastiki ikizeeka hutoa jasho linalonata, basi aliziogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akazikausha moja moja kwa pamba. Jino likivunjika, alichonga jingine kwa malighafi ileile anayotengenezea meno ya wateja.

"Wenzako wanafuga kuku," nilimwambia. "Wewe unafuga mijusi isiyotaga."

"Na isiyokula," akanijibu. "Nionyeshe kuku wa hivyo."

Siku hiyo alirudi mapema amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo. Taulo lilikuwa bichi, linachuruzika. Alikifungua mezani kwangu, juu ya kitambaa changu, nikataka kumtukana, nikaona kilichomo. Alikuwa dinosaria mla nyama wa miguu miwili, urefu wa mkono wangu, mzuri kupita wote aliokuwa nao. Ila alikuwa ameinama. Mguu wa kulia ulikuwa umejikunja gotini, kidole cha mbele kimegeukia ndani, na mwili wote umelalia upande.

Amepewa na mteja, alinieleza, mama mtu mzima anayetembea kwa mkongojo. Anahamia kwa mwanawe, na huko kuna wajukuu, hataki sanamu ile ikae na watoto. Alimpa masharti mawili. La kwanza, isikae kwenye joto. La pili, usiinyooshe. Kisha akamuuliza kama nyumbani ana mtoto.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kwangu hakuna mtoto anayezigusa." Akacheka. "Alikuwa anaogopa itachezewa tu, yule mama. Nawajua watu wa sanamu."

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Ukimuuliza habari ya mtoto, alisikia habari ya rafu.

Sharti la joto alilifuata. La kunyoosha lilimshinda. Mtu aliyezoea kupanga meno ya watu mstari mmoja hawezi kulala nyumba moja na kitu kilichopinda. Hazikupita siku nyingi akaniita nikamshikie beseni. Alinieleza kama anayefundisha darasa: plastiki ya namna hii inakumbuka umbo lake la kwanza. Ichovye kwenye maji ya moto, italegea na kurudi ilivyozaliwa. Kisha iingize kwenye maji baridi, igande hapo.

Akauchovya mguu kwenye maji ya moto. Niliuona kwa macho yangu ukijikunjua wenyewe, polepole, kidole kikageuka mbele. Nje kamba ya Chiriku inapiga chini, ta, ta, ta. Kaka akaihamishia sanamu kwenye maji baridi.

Mlio wa kamba ukakatika.

"Nimejikwaa!" Chiriku akapiga kelele. Kisha akaanza kuhesabu upya.

Sanamu ilisimama wima. Kaka aliizunguka mara kadhaa akitabasamu, na mimi nilimpongeza.

Sasa ile sketi. Chiriku aliijaribu mwisho wa juma, nikaona pindo limeshuka upande wa kulia. Mimi si mtu wa kukosea pindo. Nikafumua, nikashona upya. Akavaa, pindo limeshuka tena, na safari hii zaidi. Nikachukua futi nikapima sketi kwenye meza: sawa kabisa. Nikapima juu ya mtoto: si sawa. Fundi cherehani haamini asichokipima, na mimi nilikuwa nimekipima. Nguo haikuwa na kosa.

"Simama vizuri, mwanangu," nikamwambia.

"Nimesimama vizuri, shangazi."

Hospitali walimpiga picha za mifupa, wakamtoa damu, wakamgonga goti kwa kinyundo. Kila daktari alisema hana kitu. Kila tukirudi nyumbani mguu umejikunja zaidi. Akaacha kuruka kamba. Kisha akaacha kusema. Hilo ndilo lililonivunja. Ua ulikuwa kimya, nami nilikuwa nashona huku machozi yanadondokea kitambaa cha watu. Kaka alimbeba mgongoni kwa kila mtu aliyesikia kwamba anaweza kitu, wa dawa, wa maombi, wa kukanda viungo. Alikonda mpaka mkanda wake nikauongezea tundu.

Mchana mmoja alikuwa amemkalisha Chiriku chumba cha mbele, apate ubaridi. Mtoto akajaribu kuinuka, akashika rafu. Kaka alikuwa mlangoni, nami nyuma yake. Goti la kulia limekunjwa. Kidole gumba cha mguu kimegeukia ndani. Mwili wote umelalia upande. Na pembeni yake, juu ya rafu, mla nyama yule amesimama wima.

Kaka alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tulimfuata yule mama huko kwa mwanawe. Alitufungulia mlango mwenyewe. Hakuwa na mkongojo. Alikuwa amenyooka kama mimi na wewe, na alipomwona kaka akaanza kulia kabla hatujamsalimia.

"Niliamka nikatembea," alisema. "Kila mtu humu akashangilia. Mimi nikajua kuna nyumba inalia."

Alituambia kwa kunong'ona, maana wajukuu walikuwa chumba cha pili. Hakujua sanamu ilitoka wapi. Marehemu mumewe aliinunua imesimama wima. Kupinda kule hakuishi, alisema, huhama tu. Kukitoka kwenye sanamu humwendea mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Kwake kulimwendea mwanawe, huyu mwenye nyumba. Mama huyo akaipasha sanamu moto, akaipinda kwa mikono yake, akaishikilia kwenye maji baridi mpaka ikaganda. Mtoto akapona. Mkono ulioshika ndio uliolipa: tangu siku hiyo akatembea kwa mkongojo.

"Rudi uishike tena," nikamwambia. Sikuona haya. "Wewe umeshazeeka. Huyu ni mtoto."

"Mwanangu, unadhani nisingekuja? Mkono ulioachia haushiki tena. Nenda ukamuulize aliyenifundisha, yuko kaburini."

Kaka alimpigia magoti, akamshukuru. Niliumia kumwona mtu anashukuru kwa habari kama ile. Njiani nilimwambia nitashika mimi. Yeye ana mtoto, mimi nina cherehani tu. Akaniambia haya, tutazungumza tukifika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kusema kwamba wakati mwingine linalovunjika ni guu la mwanao.

Tulifika jua likiwa utosini. Nikaingia kumwangalia Chiriku. Nilipotoka, kaka alikuwa ameshajifungia bafuni, na birika halipo jikoni.

Nikagonga. "Kaka, fungua. Tulikubaliana."

"Niletee barafu, mdogo wangu."

"Fungua kwanza."

"Barafu. Nimeshaipasha moto. Inarudi. Nikiilegeza tu inarudi." Alikuwa anahema. "Tafadhali."

Nikakimbia kwenye friji yangu. Nilichukua barafu yote, nikazungukia nayo dirisha la bafu, nikaimimina kwenye beseni alilokuwa ameliweka chini yake. Nilimwona. Alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya maji. Yule mama aliipinda ilivyokuja kwetu. Kaka yangu hakuwahi kufanya kitu nusu. Alitaka awe na uhakika. Aliikunja sanamu mguu, akaikunja kiuno, akaikunja shingo mpaka kichwa kikagusa goti.

"Inatosha!" nikasema. "Kaka, hiyo imezidi!"

"Isirudi," akanong'ona. "Isirudi tena."

Nikasikia kitu kinalia. Mwanzo nilidhani ni barafu inapasuka.

Haikuwa barafu.

Nikapiga kelele. Majirani wakaja, wakavunja mlango. Kaka alikuwa amelala pembeni ya beseni, amejikunja, paji la uso limegusa goti. Mkono wake wa kushoto tuliuachanisha na sanamu. Wa kulia ulikataa, mpaka mwanamume mmoja alipokunjua vidole kimoja kimoja. Daktari alisema ni moyo. Aliandika moyo kwa sababu hakuna pa kuandika mengine.

Tukiwa bado tumesimama pale, Chiriku akatokea mlangoni. Alikuja kwa miguu yake, amenyooka.

"Shangazi," akasema, "nimeiona kamba yangu. Baba amelala?"

Sitaki kusema nilimjibu nini.

Sanamu zingine niliwagawia watu wanaojua kuzitunza. Ile moja ninayo mimi. Inakaa kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya taulo bichi. Nimeishika kwa namna zote. Nimewahi kuweka birika jikoni nikijiambia leo nabadilisha, nashika mimi, kaka apumzike. Lakini ili nishike mimi lazima kwanza niilegeze, na ikilegea hata kwa kufumba na kufumbua, itarudi. Yeye aliikunja mno. Sina uhakika kwamba mikono yangu itaiwahi. Mikono myepesi ilikuwa yake, si yangu.

Mwili wa sanamu una alama za vidole vyake vya mkono wa kulia: gumba upande mmoja, vinne upande wa pili. Vimezama kwenye plastiki. Cha shahada kinajulikana, kilikatwa ncha na mashine ya kusagia meno tangu ujanani. Mwanzo nilidhani alama zile alizifanya siku ile, plastiki ikiwa laini. Kisha ukaja msimu wa joto. Umeme unakatika asubuhi unarudi jioni, friji linatoa maji, nami nakimbia kutafuta barafu mtaa mzima kama mwendawazimu. Kila joto likizidi, nikilifungua taulo, nakuta alama zimezama zaidi. Plastiki imetoa jasho kila mahali ila chini ya vidole. Chini ya vidole ni pakavu, na pana ubaridi.

Anashika. Nilipoelewa hilo nilikaa sakafuni mbele ya friji lililo wazi nikalia kwa sauti, huku nikimwambia kaka shika, kaka usiachie, kana kwamba anahitaji kuambiwa.

Wiki hii umeme haujarudi kabisa. Barafu imeadimika, nimebaki na maji ya mtungi na feni ya mkono. Leo mchana nimelifungua taulo kubadilisha maji. Gumba lipo. Cha shahada kipo, kile kifupi. Cha kati kipo. Cha pete kipo, kimezama kiasi kwamba nimeogopa kitatoboa.

Mahali pa kidole cha mwisho pamejaa tena, pametoa jasho, na magamba yamerudi kama hapajawahi kuguswa.

Nimebonyeza pale kwa kidole changu. Nimebonyeza kwa nguvu zangu zote, mpaka ukucha ukapasuka. Hapabonyei.

Uani Chiriku anaruka kamba. Mwaka huu amerefuka, sketi nimemshonea mpya, na sauti yake imerudi yote. Anahesabu. Ta, ta, ta.

Mlio wa kamba umekatika.

"Nimejikwaa, shangazi!"

"Si kitu, mwanangu," nimemjibu. "Watoto hujikwaa. Anza tena."

Nimesimama na futi shingoni, nasubiri aanze.