Bidoni Iliyofuatwa Ndani ya Ukungu

Kamba iliyouvuta mtumbwi wa Mujinga iling'oa ncha ya pua yake dhoruba ilipokuwa ikiishia, na ukungu ukaanza kuketi juu ya Ziwa Moero.

Mitumbwi miwili ilikuwa ikirudi Kilwa, bandari ya ziwa hilo upande wa Kongo, na samaki wa kuuzwa Lubumbashi. Wa mbele ulikuwa na mota, nao ndio uliokuwa ukiuvuta wa nyuma. Humo walikuwamo mwendeshaji Mwila na Alexis, mume wa Mujinga, mtu aliyejulikana sokoni Kampemba kwa kumwita mkewe kila akitoweka machoni. Ubavu wa mtumbwi huo ulikuwa umepasuka, haungeweza kubeba mtu mwingine. Katika mtumbwi wa nyuma, mvuvi Guelor alipiga kasia huku Mujinga akichota maji kwa sufuria.

Mwila alikata mdomo wa bidoni tupu, dumu la mafuta ya mota, akaifunga kwenye kamba ndefu, akaitupa nyuma. Ilichimba maji na kuyarusha juu. Akampigia Guelor kelele afuate maji hayo, kisha akapunguza mota mpaka ikawa inanong'ona.

Ukungu ukafunga. Alexis aliita. Jibu la Mujinga lilitoka kushoto, halafu kulia, kana kwamba ziwa limejaa akina Mujinga.

"Geuza, papa Mwila. Ule njo bibi yangu."

"Tukigeuka tutamugonga. Shika kamba, nyamaza."

Hila ya bidoni Mwila aliirithi kwa babu yake, mzee Chishimba, aliyekuwa mchochea moto katika frigeti, meli ya kivita, iliyoitwa Sentinelle, wakati wa vita vikuu. Ilisindikiza baharini meli za mizigo, nyingine zimebeba shaba ya Katanga. Katika ukungu kila meli ilikokota kirusha maji mfano wa bidoni hiyo, na ya nyuma ikafuata maji hayo bila kuiona ya mbele. Safari moja Sentinelle iligeuka kutafuta meli iliyochelewa, ikaigonga, ikaizamisha. Haikugeuka tena mpaka ilipokatwa kuwa vyuma chakavu.

Alexis akashika kamba. Mbingu na maji vilikuwa kitu kimoja cheupe. Kamba ilitetemeka kiganjani kama mshipa wa mtu aliyelala, na kuna wakati alidhani ubavu mrefu wa chuma, kama wa meli ile, unapita kando yao, taratibu, bila sauti.

Matete ya ufukweni yakakwaruza mtumbwi. Mwila akazima mota. Bidoni ikaelea, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Kisha pua iliyovunjika ya mtumbwi wa nyuma ikatokea, ikaigusa bidoni. Mujinga alikuwa amelowa mpaka nywele.

"Bidoni yenu imenitemea mate njia yote," alisema. "Na weye, juu ya nini ulinyamaza?"

Alexis hakuweza kuachia kamba. Mujinga akamfungua vidole, kimoja kimoja.

Siku hizi, sokoni Kampemba, Mujinga akipotea katikati ya watu, Alexis hamwiti tena. Huketi mbele ya samaki wake, mkono umefumbwa kidogo kana kwamba umeshika kamba, akingoja.